Treni ya kasi Lubumbashi–Kolwezi: pesa ya serikali iende huko kweli?

Mtoto wa Gare (Kampemba, Lubumbashi)

Habari zenu ndugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi mnaotusoma kutoka mbali.

Jumapili tulikuwa kwenye kilio Kamalondo. Baada ya bukari (ugali) maneno yakageukia reli, maana marehemu alikuwa mtu wa reli na nusu ya wazee waliokaa pale walifanya naye kazi. Kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha treni ya Moroko ikikata mashamba kwa kilomita 320 kwa saa. Akauliza: nchi yenye shaba yote hii na kobalti yote hii inakosaje kitu kama hiki kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kwa pesa ya serikali?

Papa mmoja aliyeendesha treni ya umeme miaka mingi hakujibu kwa mdomo. Alimwaga njiti za kiberiti mezani, akazipanga kama mataruma, moja moja, na mwanya wa kidole katikati. Akaukunja mstari ukawa na kona. Akachukua kizibo cha chupa, akakisukuma taratibu juu ya njiti. Kikapita konani vizuri. Akakirudisha, akakipiga kwa ukucha. Kikaruka mpaka mapajani mwa jirani yake. Halafu akaanza kuifungua ile kona, njiti kwa njiti, ikawa pana, ikazidi kuwa pana, mpaka meza ikaisha na akaendelea kwenye benchi. "Bei yenyewe ndiyo hii," akasema. "Kona."

Tangu hapo sijatulia, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Niseme kwanza nilipo. Pesa ya umma kwenye treni ya abiria naiunga mkono kwa moyo wote. Barabara tunaijenga kwa pesa ya umma na hakuna anayeidai faida mwisho wa mwaka. Kwa nini reli peke yake ndiyo ijitetee? Lakini kasi kubwa ni dawa ya ugonjwa fulani, na ugonjwa huo sisi hatuna.

Tazameni ilikoanzia. Japani ya miaka ya 1950 ilikuwa na reli kati ya Tokyo na Osaka yenye upana wa milimita 1,067, upana uleule wa reli yetu hapa Katanga. Njia hiyo moja ilibeba karibu robo ya usafiri wote wa reli wa nchi, abiria na mizigo, na ilikuwa imejaa hadi haina nafasi ya kuingiza treni nyingine. Kwa kuwa lazima wajenge njia ya pili, wakaamua iwe mpya kabisa: pana zaidi, imenyooka, haina makutano na barabara. Benki ya Dunia iliwakopesha dola milioni 80. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, kilomita 515, mwendo wa 210 kwa saa. Gharama ilikuwa imekaribia kuwa maradufu, na mkuu wa shirika la reli, Shinji Sogō, pamoja na mhandisi wake Hideo Shima, walikuwa wameshaondoka kazini kabla treni ya kwanza haijatoka. Wafaransa nao walipofungua Paris–Lyon mwaka 1981, njia ya zamani ilikuwa imeelemewa.

Sasa kwetu, reli gani imejaa abiria? Abiria wako barabarani, na wengine wako juu ya mabehewa ya mizigo. Machi 2022, kule Lubudi katika Lualaba, treni ya mizigo ilianguka na watu zaidi ya 70 wakafa, wengi wao wakiwa wamedandia kwa sababu hapakuwa na treni ya kuwabeba. Watu wale hawakufa kwa kukosa kasi. Walikosa kiti.

Kwa hiyo naomba tujadili: pesa ya umma inunue kilomita 320 kwa saa, au inunue treni inayotoka siku iliyotangazwa?

---

Ruashi Moja

Yaya, mkubwa wangu, nimekusoma mpaka mwisho na nina uchungu kidogo. Kwa nini kila likija jambo kubwa sisi ndio tunaoambiwa tuanze na kidogo?

Reli ilipofika hapa mwaka 1910 ikitokea Sakania, mji wenyewe ulikuwa haujawa mji. Ungewauliza wajenzi "njia gani imejaa?" wangekuonyesha miti. Mji ulikuja kwa sababu reli ilikuja. Na ilipofika 1952 reli hii ya Katanga ilianza kutiwa umeme wa volti 25,000, mfumo ambao wakati huo sehemu chache sana duniani zilikuwa zimeujaribu. Leo nchi nyingi zinautumia kwenye treni zao za kasi. Wazee wetu waliendesha kitu kipya cha dunia hapahapa, kati ya Likasi na Tenke. Leo mjukuu wao anaambiwa atosheke na behewa lililokarabatiwa!

Moroko nao walipigiwa kelele. Kulikuwa na kampeni nzima iliyoitwa "Stop TGV", yaani simamisheni treni ya kasi, watu wakisema pesa ile ijenge shule. Walijenga. Tanger mpaka Casablanca ilikuwa karibu saa tano, ikawa saa mbili na dakika kumi tangu Novemba 2018. Mwaka 2023 walipanda watu zaidi ya milioni 5. Na Uhispania walianza na Madrid–Sevilla mwaka 1992, wakiupelekea kusini uhai, hawakuanza na njia iliyojaa kuliko zote. Mara nyingine nchi inajenga ili watu waje.

---

Katenari

Mwanangu Ruashi, hayo ya 1952 ni kweli na umenigusa moyo, kwa sababu zile nyaya nimezishika kwa mikono yangu. Lakini sema pia kwa nini zilitundikwa.

Umeme ulikuwepo kwanza. Bwawa la Mwadingusha lilikuwa likizalisha tangu 1930, na mengine yakafuata kwenye mto Lufira na Lualaba. Makaa ya mawe na kuni zilikuwa ghali na za kutafuta mbali. Maji yalikuwa yakianguka hapa hapa. Na nyuma ya kichwa cha treni kulikuwa na shaba, kila siku. Shaba ndiyo ililipa katenari, zile nyaya za umeme juu ya reli. Abiria waliongezwa juu ya kazi ambayo tayari ilikuwa inalipa. Hiyo ndiyo siri ya reli yetu tangu enzi za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, na hakuna aibu ndani yake.

Tena angalieni upande wa nguvu. Mwendo ukitoka 160 kwenda 320, upinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu ya kuushinda inakuwa mara nane. Leo katika mtaa wangu Katuba umeme unakuja usiku wa manane, akina mama wanaamka kupiga pasi. Waya mkubwa wa kutoka bwawa la Inga, kilomita 1,700, uliokamilika 1982, unaishia Kolwezi kwa ajili ya migodi. Migodi yenyewe haitoshelezwi, inanunua umeme nje. Nani atakatiwa ili treni ya kasi ipite? Nauliza kwa dhati, maana mtu atakatiwa.

---

Saruji na Chuma (mwanafunzi wa polytechnique, uhandisi)

Papa Katenari, shikamoo. Niongeze jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini.

Njia ya treni ya kasi haibebi shaba. Reli konani inainamishwa upande mmoja ili treni ya mbio isiruke. Treni nzito ya mizigo ikipita hapo polepole inaegemea reli ya ndani na kuila. Milima nayo: Paris–Lyon ina miinuko ya mita 35 kwa kila mita 1,000, ambayo treni ya shaba haiwezi kupanda na mzigo wake. Na kona ya njiti za yule papa ni sahihi kabisa: kwa kilomita 300 kwa saa unahitaji nusu-kipenyo cha kilomita nne au zaidi. Hiyo maana yake kwa mwendo huo hutumii njia iliyopo hata mahali pamoja. Unajenga mpya, kwa ajili ya abiria peke yao.

Moroko kilomita mpya zilikuwa karibu 200, Tanger–Kénitra, na mradi mzima uligharimu kama dola bilioni 2. Kénitra mpaka Casablanca treni inapita kwenye njia ya kawaida iliyoboreshwa. Sisi Lubumbashi–Kolwezi ni kilomita 300 hivi kwa barabara. Kwa bei ya Moroko tu, ambayo ni ya chini, ni dola bilioni 3. Bajeti ya taifa letu zima mwaka 2024 ilikuwa dola bilioni 16 hivi, na hapo ndani kuna walimu, askari, hospitali.

Lakini ndugu Ruashi, usidhani upana wa milimita 1,067 unatufunga kwenye mwendo wa punda. Queensland, Australia, wana upana huohuo, na mwaka 1999 treni yao ya kuinama konani ilifika 210 kwa saa, rekodi ya nchi ile. Kazi za kila siku inaendeshwa mpaka 160. Japani kwenye reli zao za kawaida, upana wetu huu, treni zinakwenda 130. Tukipata 100 ya uhakika, Likasi ni saa moja na robo. Ukiweka 320 ni kama dakika 25, kabla hujahesabu kuondoka na kusimama. Tofauti ni dakika 50. Je, dakika hizo 50 zina thamani ya bilioni? Kwa Tokyo na Osaka, ambako wanasafiri malaki kila siku, ndiyo. Hapa tuhesabu kwanza.

---

Mpwani (Dar es Salaam)

Ndugu zangu wa Katanga, poleni na hongereni kwa mjadala. Nimeona mahali pengine watu wakisema Tanzania tuna treni ya kasi kama Japani, niliweke sawa. SGR yetu, ile reli mpya ya kisasa, ni ya umeme na mwendo wake ni 160. Duniani njia mpya huitwa ya kasi kubwa ikifika 250. Ya kwetu ilianza Dar–Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi mmoja na kidogo baadaye.

Nimepanda mara nne. Kilichonibadilishia maisha si 160. Ni ile saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Kwa basi Dodoma ilikuwa siku nzima imekwenda. Sasa natoka asubuhi, nafanya shughuli, jioni narudi kulala kwangu. Mke wangu haulizi tena "utarudi lini?", anauliza "unarudi na ya saa ngapi?"

Majirani zetu Kenya nao wasisahaulike. Mombasa–Nairobi ilifunguliwa 2017, sehemu kubwa kwa mkopo wa China, gharama zaidi ya dola bilioni 3. Treni ya abiria watu wanaipenda sana, sikukuu tiketi hupati. Lakini nauli za abiria hazilipi deni lile. Kila anayeingiza bidhaa nchini analipa ushuru wa reli, ulianza 1.5% na baadaye ukapanda kuwa 2%. Kwa hiyo hata yule ambaye hajawahi kuipanda analipa, kwenye bei ya mchele na sabuni.

---

Mama wa Likasi

Batoto na bandugu, miye niko mama wa Likasi, ninauzishaka unga na samaki ya kukauka. Minasoma maneno yenu yote, siyaone mutu moja anauliza: ule treni ya mbio itabeba sako yangu?

Mu ile video minaona watu banakaa na kasakoshi kadogo ku magoti. Miye ninasafirishaka sako tano. Mu taksi-bus banafunga sako yulu, mvua inanyesha, unga inalowana, na bado banalipisha kila sako sawa na mutu. Wakati treni ilikuwa inapitaka, tulikuwa tunapandisha sako mu vago, tunakaa pembeni yake, tunafika. Ilikuwa pole-pole, lakini unga ilifika yenye kukauka.

Mukijenga kitu na franka zetu, muanze na vago ya sako. Na siku. Museme siku, na ile siku treni ifike.

---

Mtoto wa Gare

Mama, asante. Kweli, mimi mwenyewe niliandika habari ya kiti nikasahau gunia.

---

Kitabu cha Hesabu

Mimi ni mtu wa mahesabu, nitasema habari ya nani alipe, maana hapo ndipo miradi inapovunjikia.

Duniani, katika njia zote za kasi, zinazotajwa kila mara kuwa zimerudisha gharama za ujenzi ni mbili: Tokyo–Osaka na Paris–Lyon. Zilizobaki nauli zinalipa uendeshaji, pengine hata hazifiki, na ujenzi unabebwa na serikali. Hilo si kosa. Shule nayo hairudishi pesa ya matofali. Kosa ni kuwaambia watu mwanzoni kwamba itajilipa. California wapiga kura walikubali mwaka 2008 kukopa karibu dola bilioni 10 wakiambiwa mradi mzima ni bilioni 33 hivi. Leo makadirio yamepita bilioni 100, na bado hakuna abiria hata mmoja aliyepanda. Taiwan walisema sekta binafsi italipa yenyewe. Njia ikafunguliwa 2007, na 2009 serikali ikalazimika kuchukua usukani. Japani yenyewe, mama wa jambo hili, shirika lao la taifa la reli lilielemewa na madeni mpaka likagawanywa mwaka 1987.

Sasa kwetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha, malipo ya migodi kwa madini inayochimba, hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% chombo cha mtaa ule unaochimbwa, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, mrabaha wake ukawa 10%. Kwa hiyo Haut-Katanga na Lualaba pesa ya kuanzia wanayo, bila kukopa. Majimbo mawili yakae mezani, kila moja litenge kipande kidogo cha ile 25%, wanunue *huduma*. Sisemi wanunue treni. Mkataba useme: safari kadhaa kwa wiki Lubumbashi–Likasi–Tenke–Kolwezi, mabehewa kadhaa ya watu, mawili ya magunia, saa hizi na hizi. Treni ikifika, mwendeshaji analipwa. Isipofika, halipwi. Afrika Kusini Gautrain, treni ya Johannesburg–Pretoria, iliendeshwa kwa miaka mingi kwa namna inayofanana kidogo: jimbo lilimhakikishia mwendeshaji kiwango cha mapato, nauli ikipungua jimbo liliongeza. Ilikuwa ghali kwao, wengi walilalamika, lakini deni lilikuwa wazi kwenye bajeti na kila mwaka watu waliliona.

Na njia yenyewe ilipiwe na shaba. Angola pale bandari ya Lobito wameshaikabidhi reli yao kwa kampuni za kigeni kwa miaka 30, Wamarekani na Wazungu wanaizungumzia kila mkutano, na yote ni kwa ajili ya madini yetu. Watakapokuja kutengeneza upande wetu ili mizigo ipite haraka, hapo ndipo tuwe tumeshaandika kwenye karatasi: treni ya abiria ina nafasi yake kwenye ratiba, na haisukumwi pembeni kila treni ya shaba inapotokea. Tukichelewa, njia itatengenezwa vizuri sana na sisi tutaitazama ikipita.

---

Ruashi Moja

Hilo la mwisho limenikaa. Hofu yangu ni hiyohiyo, kwamba kila kitu kizuri kinapita mbele yetu kikienda bandarini.

Nakubali sehemu: 320 haiwezi kuja kesho. Lakini sikubali tusiiweke akilini. Wakati wa kutengeneza, zile kona mbaya zinyooshwe mara moja tu, kwa upana wa kesho. Na ardhi ya kando ya reli ilindwe. Nendeni mkaangalie kati ya gare (stesheni) na Kampemba, nyumba zimefika mpaka kwenye kokoto, watoto wanacheza juu ya mataruma. Miaka 20 ijayo mtu akitaka kuongeza njia ya pili atabomolea watu nyumba, na watakaolia ni maskini. Kulinda kipande cha ardhi leo hakuhitaji bilioni.

---

Mtoto wa Gare

Ruashi, kwenye kona na ardhi uko sahihi, na nabadili neno langu. Niliandika kama vile lazima tuchague kati ya kasi na uhakika. Kona iliyonyooshwa leo kwa ajili ya 100 itamfaa mwanao atakayetaka 160. Nisichokubali bado ni njia mpya ya abiria peke yao kabla hatujawajua abiria wenyewe.

Na hapo nimekwama. Tumetaja Tokyo, Tanger, Dodoma. Lubumbashi–Likasi watu wangapi wanasafiri kwa siku? Nimeuliza huku na huku, kila mtu ananipa namba yake.

---

Saruji na Chuma

Basi tuhesabu. Sisemi utani. Kwenye péage, kizuizi cha ushuru wa barabara ya Likasi, kila gari linasimama, huwezi kulikosa. Ijumaa tutakuwa wanafunzi wanne, zamu mbili, tangu alfajiri mpaka giza: taksi-bus ngapi, basi kubwa ngapi, gari dogo ngapi, watu ndani, magunia juu. Tukirudia Jumanne, siku isiyo ya soko kubwa, tunapata picha ya kuanzia. Treni ya mabehewa manane ya viti 70 inabeba watu 560. Tutajua ingejaa mara ngapi. Tunahitaji mtu upande wa Likasi, ahesabu wanaokuja huku.

---

Mama wa Likasi

Miye niko pale ku barabara tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, siku yote. Gari zote zinapitaka mbele ya meza yangu. Munipe tu kitabu ya kuandikia, na muniambie sako ya mukubwa na ya mudogo naandika sawasawa ao mbalimbali.

---

Saruji na Chuma

Mbalimbali, mama. Na ukiona zilizolowana, ziandike pia.

---

Mtoto wa Gare

Mama, daftari na biki mbili nakuletea mwenyewe Alhamisi jioni. Papa wa njiti za kiberiti amesema anakuja nami. Anataka kuona kona ya kuingilia Likasi kwa macho yake, ana miaka mingi hajaipita.